Kaya Namba 41

Bomani, Tarime
4 Machi 2013

Kaka Kornelio,

Habari za Busawe na za ualimu wa kujitolea? Huku sote wazima. Baba anakusalimu. Anasema ile suruali uliyomwachia apunguze kiuno iko tayari tangu Januari, na ukizidi kuchelewa ataivaa yeye.

Kazi tumeipata. Mwenyekiti wa kamati ya kaya ya Nyangoto alikuja dukani juzi, akakaa kwenye kile kiti kibovu, akaeleza mpaka chai ikapoa. Wanataka tovuti yenye orodha ya kaya zote zilizo ndani ya eneo litakalochukuliwa na mgodi, ili hata aliyehamia Sirari au Mwanza aweze kuangalia kama jina la kwao limo. Orodha inafungwa tarehe 31 Mei. Kaya ambayo haimo haitahamishwa pamoja na wenzake. Tarehe hiyo nimeiandika kwa kalamu nyekundu ukutani, juu ya mashine ya fotokopi.

Sasa nisikilize kabla hujafungua laptopu. Unakumbuka kundi letu la mwisho kule chuoni Mwanza? Watu wanne, kila mtu na faili lake mwenyewe, na siku ya kuonyesha kazi tukawa na kurasa za mbele nne na hakuna hata moja iliyofunguka. Mwalimu alicheka hadi akatoa miwani. Sitaki aibu ile tena, hasa mbele ya watu ambao nitakutana nao sokoni.

Kwa hiyo tugawane. Wewe una watu huko Nyangoto, utakusanya fomu na kuchapa majina. Mimi nitatengeneza kurasa na programu ya kuzipokea. Nimeshachora kila ukurasa kwa penseli kwenye karatasi, ninakutumia michoro hiyo. Andika juu yake kila unachoona hakifai, usinionee haya. Mtandao wa huko ni wa kupanda mlimani, najua, basi tutatumia flashi kwa basi la Mugumu. Kondakta Werema amekubali kubeba bahasha zetu.

Na jambo moja naliomba sana. Niletee fomu tatu zilizojazwa za kaya za kweli kabla sijaandika mstari hata mmoja wa programu. Chagua za aina mbalimbali, na mojawapo iwe ngumu, ya familia ambayo mambo yake hayajanyooka. Nikiiweza hiyo, nyingine zote zitapita.

Wako kikazi,
Ikram Saadi

*

Busawe
11 Machi 2013

Dada Ikram,

Barua imefika pamoja na michoro. Werema ameikunja bahasha mara nne akaiweka mfuko wa shati, kwa hiyo ukurasa wako wa mbele una jasho la kondakta. Vinginevyo uko safi. Mwambie mzee shikamoo, na suruali asiivae, nitakuja.

Nimefurahi kuhusu kazi. Kwako ni kazi, kwangu ni nyumbani. Mji wetu uko ndani ya eneo hilo, mama na bibi wanaishi pale mpaka leo, na kutoka mlangoni unasikia wachimbaji wadogo wakigonga mawe tangu asubuhi. Tangu dhahabu ipande bei kila mtu amekuwa na ndugu pale. Kuna jamaa mmoja wa ukoo wa marehemu baba anayesema kiwanja ni chake kwa sababu nyumba yetu haina mwanamume mkubwa. Bibi anamjibu mwenyewe na anamweza. Lakini tusipoonekana kwenye orodha, huyo jamaa atakuwa na la kusema, na bibi ana miaka themanini. Kwa hiyo hiyo tarehe yako nyekundu nami nimeiandika.

Michoro ni mizuri, sina la kuongeza. Sanduku la kutafutia jina liweke juu, wazee hawatateremka chini kutafuta. Zaidi ya hapo tunaelewana.

Fomu tatu hizi hapa: ya mzee Gidion mwenye wake wawili, ya mjane mmoja, na ya kijana aliyeoa mwaka jana. Ile ya wake wawili ndiyo ngumu. Ya kwetu karani wa kamati ataijaza atakapopita, sina haja ya kuiharakisha.

Kornelio Marwa

*

Bomani, Tarime
2 Aprili 2013

Kaka Kornelio,

Imekubali! Majina yako 214 yameingia yote jana, na ukimtafuta mtu anatokea kabla hujanyanyua kidole. Nilimwita baba aje aone. Akatafuta jina la mteja wake mmoja wa Nyangoto, likatokea, akasema sasa na yeye atatafuta wanaomkwepa.

Mzee Gidion na wake zake wawili wamepita bila shida. Nimefanya jambo lingine ambalo nadhani utalipenda. Mwenyekiti aliniambia kuna watu wanajiandikisha kwa uongo, wanabuni familia ili waonekane. Basi nimeweka kizuizi. Programu inasoma fomu, ikiona mambo yasiyowezekana inaitupa kaya nzima kwenye faili la makosa, na haionekani kwa watu. Kwa mfano, mume lazima awe mwanamume na mke awe mwanamke. Mtoto hawezi kuzaliwa miaka mingi baada ya baba kufa. Nimeichukua fomu ya lile zoezi la darasani la kusajili wanandoa, nikaiongezea meno.

Na imeuma kweli! Kaya kumi na moja zimedakwa. Ngoja nikuchekeshe. Namba 41: mkuu wa kaya ni mwanamke anaitwa Waisiko, mwenza wake ni mwanamke anaitwa Philomena, mwenye mji wa awali alifariki 1981, na mtoto amezaliwa 1989. Yaani marehemu alirudi mara moja kusalimia. Watu wana ubunifu. Ungekuwa hapa tungecheka wote, nimecheka peke yangu kama mwehu mpaka mteja wa pasipoti saizi akaniangalia vibaya.

Nitaiweka hewani tarehe 15, na nakala ya karatasi itabandikwa ofisi ya kijiji. Kama una majina mapya yatume kabla ya hapo.

Ikram

*

Busawe
9 Aprili 2013

Dada Ikram,

Flashi hii hapa. Kuna kaya sita mpya. Nimerekebisha kidogo na vitu vingine humo. Tumia hili folda langu, acha la kwako.

Shule zimefunguliwa, nina mitihani ya kusahihisha.

K. Marwa

*

Bomani, Tarime
29 Aprili 2013

Kaka Kornelio,

Barua yako ilikuwa fupi kuliko risiti. Umekasirika, unaumwa, au ni hiyo mitihani? Wiki tatu sijapata neno.

Sitaki kukugombeza kwa karatasi lakini nitakugombeza. "Nimerekebisha kidogo na vitu vingine humo" ndiyo nini? Kidogo wapi? Vitu gani? Flashi yako ilipofika mimi nilikuwa nimeshaongeza mahali pa picha na nimebadilisha sanduku la kutafutia. Ningetumia folda lako zima, kazi yangu ya siku kumi ingepotea. Na nisingeweza kukaa nikilinganisha mistari mia nane mmoja baada ya mwingine nikikisia ulipogusa. Nikachukua kaya zako sita, nikaziingiza kwenye folda langu, yaliyobaki nikayaacha. Ndiyo iliyoko hewani tangu tarehe 15. Kama kuna kitu chako muhimu kimeachwa, niandikie ni kipi na kwa nini, nitakiweka siku hiyohiyo.

Nina habari nzuri pia. Tovuti yetu imepata mteja wake wa kwanza. Alhamisi alikuja mzee mmoja mpole, kavaa koti, kutoka huko kwenu, jina lake Hezekia. Hakutaka picha wala barua, alitaka nimchapie orodha yote ya kaya kutoka mtandaoni, nakala tatu. Aliisoma kwa kidole mstari kwa mstari, pale pale amesimama, kutoka 40 akaenda 42, akatabasamu. Akaomba nipige mhuri wa duka kila ukurasa. Nikampigia. Ameniita mwanangu, amesema kompyuta haina upendeleo. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Kamati inasema tukimaliza hii vizuri, kuna vijiji vingine vitatu vinataka kazi ya namna hii na jina langu limeshatajwa. Kwa hiyo amka huko uliko.

Ikram

*

Nyangoto
6 Mei 2013

Ikram,

Nakuandikia kutoka nyumbani. Nimeomba ruhusa shuleni.

Kaya namba 41 ni kwetu. Waisiko ni bibi yangu. Philomena ni mama yangu. Mtoto wa 1989 ni mimi.

Umezaliwa Tarime, neno nyumba ntobhu umelisikia, lakini nitakueleza kama mtu asiyejua kwa sababu inaonekana ndivyo ulivyo. Bibi Waisiko aliolewa na mzee Marwa. Wakapata mabinti wawili, wakaolewa, hawakupata mtoto wa kiume. Mzee akafa mwaka 1981. Bibi alikuwa na ng'ombe waliokuja kwa ajili ya mabinti zake. Akachukua ng'ombe hao akaenda kumposa mama yangu, akamwoa, akamleta hapa ili watoto wake wawe wa nyumba ya Marwa na mji usife. Hakuna siri wala udanganyifu hapo. Ukoo mzima ulikula siku hiyo. Mwanamume aliyenizaa namfahamu kwa sura, ananisalimia njiani kama anavyosalimia wengine. Jina langu ni Marwa kwa sababu mimi ni wa nyumba hii. Zile kaya nyingine kumi ulizozicheka, saba ni za namna hiyohiyo.

Niliporekebisha "kidogo" niliondoa hicho kizuizi chako. Nilizirudisha kaya zote kumi na moja. Wewe ukaja ukazifuta tena kwa mkono wako na kuweka hewani. Nilidhani umeona nilichofanya ukaamua kwamba sisi ni waongo.

Huyo mzee mpole wa koti ni mtoto wa kaka yake marehemu. Ndiye jamaa niliyekwambia. Jumamosi alikuja hapa na karatasi zako zenye mhuri, akasimama uani akamwambia bibi mbele ya majirani kwamba hata serikali ya kompyuta imesema hapa hapana nyumba, kuna wanawake wawili wamejihifadhi kwenye kiwanja cha baba yake mdogo. Mama aliingia ndani, hakutoka tena siku hiyo. Hezekia amefungua shauri kwenye baraza la kata. Litasikilizwa Alhamisi, tarehe 23. Akishinda, yeye ndiye atakayeandikwa kwenye mji huu kabla ya tarehe 31.

Sikuombi kitu. Nilitaka ujue ulichomchapia.

Kornelio

*

Bomani, Tarime
10 Mei 2013

Kornelio,

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho nimeisoma kwa sauti kwa baba kwa sababu sikuweza kuibeba peke yangu. Nina aibu. Nilicheka nyumba yenu, na nilikuandikia wewe mwenyewe nikakutaka ucheke nami. Nisamehe kwa hilo, na uniombee radhi kwa mama na bibi.

Neno nyumba ntobhu nimelisikia tangu utotoni, sitajifanya silijui. Nililisikia kama watu wanavyosikia habari za mtaa wa pili. Nilipokaa kutengeneza fomu halikunijia kabisa kichwani. Lilikuja zoezi la darasani.

Lakini sasa na mimi nina hasira, na utaipokea. Nilikuomba fomu tatu. Nilikuandikia waziwazi, mojawapo iwe ngumu. Ulikuwa nayo ndani ya nyumba yako. Ukaniletea mzee Gidion na wake zake, ukasema tunaelewana. Nilikuomba uandike juu ya michoro. Pale palikuwa na sanduku la "Mume" na sanduku la "Mke", kwa penseli, yanafutika kwa kidole. Hukuandika kitu. Halafu ulipochapa majina uliipita namba 41 kama ya mtu mwingine. Halafu ukaondoa kizuizi kimyakimya, ukategemea nitakubali folda lako bila kuuliza. Ungeandika mstari mmoja tu, "nimeondoa hiki kwa sababu hii," Hezekia angeondoka hapa na karatasi yenye jina la bibi yako. Ulinificha, Kornelio. Nadhani ulinionea aibu, mimi mtoto wa fundi cherehani wa Bomani.

Basi. Nimefanya haya tangu jana. Kizuizi nimekitoa. Hakuna "Mume" wala "Mke" tena, kuna "Mkuu wa kaya" na "Mwenza", na mwenye kaya ndiye anayesema nani ni nani. Fomu yenye shaka haitupwi, inabaki kwenye orodha na alama pembeni mpaka mtu wa kamati aende akaulize kwa miguu yake. Kaya zote kumi na moja zitarudi, ila sijaweka hewani. Nakutumia flashi na daftari dogo. Kila atakayegusa kitu ataandika humo tarehe, jina, alichogusa na sababu yake. Mwenzake atasoma, ataweka sahihi, ndipo kitu kipande hewani. Folda ni moja, lililo kwenye flashi hii. La kwangu la zamani nimelifuta mbele ya baba. Ukurasa wa kwanza nimeandika kosa langu. Ukurasa wa pili ni wako.

Kuhusu baraza, kurekebisha tovuti hakutoshi, Hezekia atasema tumeirekebisha kukusaidia wewe. Nataka kuliandikia baraza mwenyewe. Baba hataki. Anasema nikiandika kosa langu kwenye karatasi yenye jina langu, vile vijiji vitatu nivisahau. Ana haki. Lakini nitaandika, na siwezi kuandika ukweli bila kukutaja. Ukikataa niambie.

Ikram

*

Nyangoto
14 Mei 2013

Ikram,

Werema ameleta bahasha jana jioni. Nimepanda mlimani, nimeifungua kazi yote, nimeijaribu kwa kaya zote kumi na moja. Zinatokea. Nimeweka sahihi, weka hewani.

Ukurasa wa pili nimeujaza. Ulikuwa mgumu kuliko mtihani wowote. Nimeandika: "9 Aprili. Kornelio. Niliondoa kizuizi bila kusema. Sababu: niliona aibu." Ulichoniambia ni kweli. Kule Mwanza mlipokuwa mkisimulia habari za baba zenu jioni, mimi nilikuwa nasema wangu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, alifariki nikiwa mdogo. Mtu niliyemtaja hivyo alifariki miaka minane kabla sijazaliwa.

Unitaje. Mama na bibi hawajui kwamba mimi ndiye niliyeificha fomu. Wanadhani ni kosa la mitambo. Watajua siku hiyo.

Kornelio

*

Bomani, Tarime
20 Mei 2013

Kwa Mwenyekiti,
Baraza la Kata

YAH: KARATASI ZA MTANDAO ZINAZOHUSU KAYA NAMBA 41, NYANGOTO

Shikamoo mzee, pamoja na wajumbe wote.

Mimi ni Ikram binti Saadi, mkazi wa Bomani. Nafanya kazi katika duka la fotokopi na ndiye niliyetengeneza tovuti ya orodha ya kaya kwa kushirikiana na Kornelio Marwa. Karatasi alizoleta mzee Hezekia nilizichapa mimi mwenyewe siku ya Alhamisi, tarehe 25 Aprili.

Nimesikia inasemwa kwamba kompyuta imeikataa nyumba ya Bibi Waisiko. Naomba baraza lijue kwamba kompyuta haijui nyumba ya mtu yeyote. Inafanya ilichoambiwa. Mimi ndiye niliyeiambia ikatae kila nyumba ambayo mkuu wake na mwenza wake wote ni wanawake. Nilifanya hivyo nikiwa nimekaa hapa dukani, kwa kuiga fomu ya darasani, na sikumuuliza mtu hata mmoja wa Nyangoto. Hakuna mkuu wa serikali, karani wala mjumbe wa kamati aliyeniagiza. Kaya hii iliandikwa na karani wa kamati kama zilivyoandikwa nyingine, na fomu yake ya mkono ipo ofisini kwao. Baraza linaweza kuiomba.

Mhuri ulio kwenye karatasi hizo ni wa duka la fotokopi. Unaonyesha kwamba karatasi ilichapwa hapa, basi. Tunaupiga hata kwenye kadi za harusi.

Mwenzangu Kornelio alilijua kosa hili mapema na hakuniambia. Anakubali niliandike hilo. Mimi sikumuuliza vya kutosha, yeye hakusema, na katikati yetu nyumba kumi na moja zikapotea kwa zaidi ya wiki tatu. Sasa zimerudishwa zote, si ya Bibi Waisiko peke yake.

Namwomba radhi Bibi Waisiko na mke wake Philomena.

Ikram Saadi
Shahidi wa sahihi: Saadi Abubakari, fundi cherehani, Bomani

*

Nyangoto
26 Mei 2013

Dada Ikram,

Nimekaa siku tatu kabla ya kukuandikia kwa sababu nilitaka niandike kwa utulivu.

Barua yako ilisomwa na katibu wa baraza kwa sauti, amesimama. Alipofika kwenye kadi za harusi watu wakacheka, mwenyekiti akagonga meza. Hezekia akasema binti wa fundi cherehani anajua nini mambo ya ukoo wetu. Mwenyekiti akamuuliza, mbona ulipoileta karatasi yake ulisema inajua kila kitu? Akakaa chini. Kisha wakaitwa wazee wawili ambao mwaka bibi alipomwoa mama walikuwa vijana, wale walioswaga ng'ombe wa bibi kwenda kwao mama. Walitaja idadi na rangi zao, mmoja akataja hata yule aliyevunjika pembe njiani. Hezekia aliulizwa siku ile alikuwa wapi. Akasema alikuwepo. Alikula? Alikula.

Hapo mimi nilidhani tumemaliza. Lakini mwenyekiti akanigeukia. Akasema barua inasema wewe ulilijua kosa, na ni mtoto wa nyumba hiyo, msomi, fomu zote zilipita mikononi mwako. Kwa nini nyumba yenu ulitaka kuiacha ipotee? Mama alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Nikasema niliona aibu. Nilisema kwa Kiswahili, bibi hakusikia vizuri, akamuuliza mama nimesema nini. Mama akamtafsiria kwa Kikurya, polepole, neno kwa neno, bila kuniangalia. Hakuna siku nimetamani kutokuwepo duniani kama siku hiyo.

Baraza limelitupa shauri la Hezekia. Mji ni wa nyumba ya Waisiko. Mwenyekiti amesema ameona tovuti kwenye simu ya katibu na namba 41 imo, ila kamati ijaze fomu mpya kwa sababu sehemu zimebadilika, na mwenye kaya aseme mwenyewe kilichoandikwa. Mwenyekiti wa kamati naye alikuwepo. Kuhusu vile vijiji vitatu, amesema viwili vimeghairi. Cha tatu kinakutaka, lakini kinataka kwanza uende ukakae nao siku mbili kabla hujachora chochote. Nimemjibu kwamba tutaenda wote.

Kurudi nyumbani, mama na bibi walitangulia. Mimi nilibeba viti nyuma. Siku mbili mama alinipa chakula na hakunipa neno.

Jana mchana bibi ameniita nje, akanionyesha kiti, akasema leta hiyo karatasi tuijaze. Akawa anasema, naandika. Mkuu wa kaya, Waisiko. Mwenza, Philomena, aliyeolewa kwa ng'ombe, akataka niandike na hilo la ng'ombe ingawa hapakuwa na mahali pake. Nikaandika pembeni. Tukafika kwenye watoto. Nikashika kalamu nikasubiri. Bibi akaangalia upande wa jikoni, akasema, "Hapo siwezi kukusemea. Kamuulize mama yako kama bado una kwenu."

Nikaenda na fomu mkononi. Mama alikuwa anapepeta mtama. Nikamsomea swali la bibi kama lilivyo. Hakuacha kupepeta. Nilisimama pale mpaka miguu ikachoka, sikuthubutu kurudi na pengo.

Akasema, "Mwandike."

Nikajiandika. Fomu imo kwenye bahasha hii. Isome yote kabla hujaiingiza, na kama kuna neno hulielewi, uliza.

Kornelio